Ronald Ross: Tabibu na Mshairi Aliyepima Mwendo wa Mbu

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana na wasifu wa watunzi walioitukuza lugha yetu, tangu Mwana Kupona na Muyaka bin Haji hadi Shaaban Robert. Makala haya yanatoka kidogo nje ya desturi hiyo. Yanasimulia maisha ya Sir Ronald Ross (1857-1932), tabibu wa jeshi aliyezaliwa Uhindi, akawa mshairi na mwandishi wa riwaya, akagundua njia ambayo vimelea vya malaria hupitia mwilini mwa mbu, na hatimaye akajaribu kueleza kwa hesabu jinsi mbu wanavyosambaa kutoka kwenye dimbwi walimozaliwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo isiyojulikana sana. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukariri kwamba malaria huenezwa na mbu jike wa jamii ya anofelisi. Ni wachache wanaojua kwamba mtu aliyetangulia kuthibitisha uhusiano wa mbu na maradhi hayo alikaa miaka mingi akijiuliza swali jingine: mbu akizaliwa hapa, ataishia wapi?

Swali hilo si la maabara peke yake. Chukua mfano wa Nyakoe, katika kaunti ya Kisii. Juu ni mlima na mashamba ya migomba na majani-chai; chini ni bonde lenye maji yatuamayo. Anayeishi mlimani na anayeishi bondeni wanatazamana, lakini mbu hawamfikii kila mmoja wao kwa kiasi kimoja. Mtu akifukia dimbwi lake huku jirani yake akiacha la kwake wazi, je, kazi yake imepotea bure? Ross alilijibu swali hili kabla ya mwaka 1905, na jibu lake bado linatufaa, ijapokuwa lina mipaka ambayo tutaijadili.

Utoto na ujana

Ronald Ross alizaliwa tarehe 13 Mei 1857 mjini Almora, chini ya milima ya Himalaya, siku chache tu baada ya kuzuka kwa maasi makubwa ya Wahindi dhidi ya utawala wa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la Uingereza nchini Uhindi, na baadaye alifikia cheo cha jenerali. Kama ilivyokuwa ada ya familia za aina hiyo, mtoto alipotimiza umri wa miaka minane alipelekwa Uingereza kulelewa na jamaa zake katika kisiwa cha Wight.

Tangu utotoni, Ross alipenda mambo matatu: ushairi, muziki na uchoraji. Baadaye aliongeza la nne, hisabati, ambalo alijifundisha mwenyewe ukubwani. Utabibu haukuwamo katika orodha hiyo. Aliyeuchagua ni baba yake, ambaye alitaka mwanawe aingie katika Idara ya Utabibu ya Uhindi. Kijana alitii, lakini kwa shingo upande. Alijiunga na hospitali ya Mtakatifu Bartholomew mjini London katikati ya miaka ya 1870, na humo alitumia muda mwingi kutunga mashairi na tamthilia kuliko kusoma vitabu vya tiba. Matokeo yake yalionekana. Alipofanya mtihani mmojawapo wa leseni alishindwa, akalazimika kufanya kazi ya uganga melini, akivuka na kuvuka tena bahari ya Atlantiki, mpaka alipofaulu na kuajiriwa mwaka 1881.

Wanafunzi wengi wa fasihi wataitambua hali hii. Mzazi anataka udaktari au uhandisi, mtoto anataka kalamu. Katika masimulizi ya kawaida kijana huasi na kwenda zake, au hutii na kipaji chake kikafa. Maisha ya Ross hayafuati mkondo wowote kati ya hiyo miwili. Alitii, na kalamu hakuiweka chini. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1889, mwaka ule ule aliomwoa Rosa Bessie Bloxam. Fauka ya hayo, katika kambi za jeshi za Uhindi alikokaa miaka mingi bila kazi ya kumchosha, alisoma hisabati kwa pupa, akaona kwamba mlinganyo uliokamilika una uzuri unaokaribiana na wa ubeti uliokamilika.

Kutoka ubashiri hadi uthibitisho

Mwaka 1880, Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa ameviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa nchini Algeria. Ross hakusadiki habari hizo kwa muda mrefu, kwa sababu alipotazama damu kwa hadubini yake hakuviona. Mambo yaligeuka mwaka 1894, akiwa likizoni London, alipokutana na Patrick Manson. Tabibu huyo alimwonyesha vimelea kwa macho yake, kisha akamweleza dhana aliyokuwa nayo: kwamba huenda mbu ndiye anayevibeba. Manson hakuwa na ushahidi. Alikuwa na dhana tu, tena yenye kasoro, kwani alidhani mbu hufia majini na watu hupata malaria kwa kuyanywa maji hayo.

Ross alirejea Uhindi mwaka 1895 na kuianza kazi. Aliwapasua mbu mmoja mmoja chini ya hadubini, katika joto kali, bila kupepewa kwa sababu upepo ungewapeperusha mbu wake. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Sababu tunaijua leo: alikuwa akiwapasua mbu wa jamii nyingine, ambao hawabebi vimelea vya malaria ya binadamu. Mnamo Agosti 1897, mjini Secunderabad, alipata mbu wachache wenye mabawa ya madoadoa. Aliwaacha wamwume mgonjwa wa malaria aliyeitwa Husein Khan, ambaye alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyemwuma. Tarehe 20 Agosti 1897, ndani ya ukuta wa tumbo la mmoja wa mbu hao, Ross aliona vifuko vyenye chembechembe nyeusi zinazofanana na zile za vimelea vya malaria. Siku hiyo huadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Mbu Duniani.

Tabibu huyu aliupokea ushindi wake kishairi. Siku hizo hizo alitunga shairi fupi la kushukuru na kulitangaza jambo alilolipata, akampelekea mkewe. Sehemu ya shairi hilo ilikuja kuchongwa kwenye mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa mjini Calcutta mwaka 1927, yeye mwenyewe akiwapo.

Serikali iliyomwajiri haikumpa nafasi ya kuendelea na mbu wale. Ilimhamisha. Alipofika Calcutta mwaka 1898 ilimbidi atumie malaria ya ndege badala ya ile ya binadamu. Kwa ndege hao alikamilisha mzunguko wote: vimelea hukua tumboni mwa mbu, husafiri hadi kwenye tezi za mate, na huingia mwilini mwa ndege mwingine mbu anapouma. Dhana ya maji ya kunywa ikafa. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Waitalia wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi walithibitisha kwamba malaria ya binadamu hubebwa na mbu wa jamii ya anofelisi.

Hapa ndipo sifa ya Ross inapoingia doa. Badala ya fahari kuwa ya wote, iligeuka kuwa ugomvi wa miaka mingi kati yake na Grassi, kila mmoja akimshutumu mwenzake kwa wizi wa sifa. Tuzo ya Nobel ya utabibu ya mwaka 1902 alipewa Ross peke yake, akawa raia wa kwanza wa Uingereza kuipata. Hali kadhalika, wasaidizi wake Wahindi, akiwamo Mahomed Bux aliyewakamata na kuwafuga mbu huko Calcutta, na Kishori Mohan Bandyopadhyay aliyefanya naye kazi huko huko, hawakuingia katika kumbukumbu za ulimwengu kwa kadiri ya jasho lao. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako historia ya utafiti wa kikoloni imejaa wasaidizi wasiotajwa, hatalishangaa hilo, lakini hana sababu ya kulinyamazia.

Swali la mpaka

Mwaka 1899 Ross aliacha kazi ya Uhindi, akaenda kufundisha katika Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Liverpool. Mwaka huo huo aliongoza msafara wa kwenda Freetown, Sierra Leone. Kwa mtazamo wake, kazi iliyobaki ilikuwa dhahiri: kama mbu ndiye mbebaji, basi madimbwi yakaushwe, mitaro isafishwe na mafuta yamwagwe majini ili viluwiluwi wafe. Mjini Ismailia, kando ya mfereji wa Suez, ambako alifika mwaka 1902, kazi ya namna hiyo ilifanikiwa na malaria ikapungua sana.

Kwingineko mambo hayakwenda hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, katika kambi ya Mian Mir karibu na Lahore, maafisa walijaribu kuangamiza mbu na matokeo yakawavunja moyo. Wapinzani wakapata hoja. Walisema kwamba ukisafisha mahali pamoja, mbu wa nje watamiminika kujaza nafasi, kama maji yajazavyo shimo lililochimbwa ufuoni. Kwa hiyo, walidai, kupunguza mbu ni kupoteza fedha. Ross alijibu kwamba eneo lililosafishwa lilikuwa dogo mno na fedha zilizotolewa zilikuwa chache. Lakini alitambua kwamba majibizano hayatoshi. Iwapo jambo ni la kiasi, lazima lijibiwe kwa kiasi.

Jibu hilo alilitoa Septemba 1904 katika mhadhara mjini St. Louis, Marekani, na likachapishwa mwaka uliofuata. Hoja yake inaweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida bila kuhitaji alama ngumu.

Tumchukulie mbu aliyezaliwa katika dimbwi moja. Tuseme kila siku anaruka hatua moja, ama kulia ama kushoto, na kila upande una nafasi sawa ya kuchaguliwa. Baada ya siku kumi, zipo njia 1,024 ambazo angeweza kuzipitia. Katika hizo, ni njia moja tu inayomfikisha mwisho kabisa wa kulia, na moja tu mwisho kabisa wa kushoto. Njia 252, yaani takriban robo nzima, humrudisha pale pale alipoanzia. Tukihesabu na zile zinazomwacha hatua mbili tu kutoka kwenye dimbwi lake, tunapata njia 672, ambazo ni karibu theluthi mbili ya zote. Kwa maneno mengine, kiumbe anayetangatanga bila shabaha huhangaika sana lakini hafiki mbali. Wengi wa mbu huishi na kufa karibu na walikozaliwa.

Hatua ya pili ya hoja ndiyo iliyowajibu wapinzani. Tuchore mstari shambani. Upande wa kushoto madimbwi yameachwa, upande wa kulia yote yamefukiwa. Anayesimama juu ya mstari wenyewe alikuwa akipata nusu ya mbu wake kutoka kushoto na nusu kutoka kulia. Sasa wa kulia hawapo, kwa hiyo anabaki na nusu. Hawezi kupata zaidi, kwa sababu mbu wa kushoto hawajui kwamba kulia pana nafasi. Hawavutwi na upungufu. Wanatangatanga kama walivyotangatanga jana. Na kila mtu anapoingia ndani zaidi ya upande uliosafishwa, idadi hiyo hupungua, hadi afike mahali ambapo mbu wa nje ni nadra. Mfano wa shimo la ufuoni, basi, haukuwa sahihi. Maji hufuata mteremko. Mbu wa Ross hawafuati kitu.

Kutokana na hayo linafuata jambo la umuhimu mkubwa. Eneo likiongezwa upana wake maradufu, ukubwa wake huongezeka mara nne, ilhali mzingo wake huongezeka mara mbili tu. Eneo dogo ni kama mpaka mtupu: kila aliyemo yuko jirani na mbu wa nje. Eneo kubwa lina kiini ambacho wageni hawakifikii kwa urahisi. Hiyo ndiyo sababu, kwa mujibu wa Ross, ya Mian Mir kutokuwa na mafanikio, na ndiyo sababu kwa nini boma moja haliwezi kujikomboa likiwa peke yake.

Mwendo wa mlevi

Ross aliweza kuikokotoa hesabu ya mstari mmoja ulionyooka. Mbu, hata hivyo, huruka pande zote, na hapo hisabati yake ilimwishia. Akaomba msaada kwa Karl Pearson, mwanatakwimu mashuhuri wa London. Julai 1905 Pearson aliitupa fumbo hilo hadharani katika jarida la Nature: mtu anatembea hatua kadhaa zenye urefu sawa, kila hatua akielekea upande wowote bila mpango. Je, kuna uwezekano gani wa kumkuta umbali fulani kutoka alikoanzia? Mwanafizikia Lord Rayleigh alijibu kwamba alikwisha kulitatua fumbo la aina hiyo mwaka 1880 alipokuwa akichunguza mitetemo ya sauti. Pearson akatania kwamba mlevi anayetembea ovyo ni vyema kumtafuta karibu na pale alipoanzia. Mwaka 1906, Pearson na John Blakeman walichapisha nadharia ya uhamaji wa nasibu iliyomrejelea mbu wa Ross.

Kanuni iliyotokana na kazi hiyo ni rahisi: umbali wa kadiri kutoka kwenye chanzo hulingana na kipeuo cha pili cha idadi ya hatua. Mbu akiruka mara 100, kila mara mita 10, ameruka mita 1,000 kwa jumla, lakini umbali wake wa kadiri kutoka dimbwini ni mita 100 tu. Ili afike mara mbili ya hapo, anahitaji kuruka si mara 200 bali mara 400.

Istilahi ya dhana hii inastahili kujadiliwa na wanafunzi wa Kiswahili. Makala haya yanapendekeza mwendo wa nasibu. Neno nasibu tunalo tangu zamani katika maongezi na katika ushairi, likibeba maana ya bahati na jambo lisilopangwa. Halihitaji kutoholewa upya. Dhana yenyewe leo hutumiwa na wachumi, wanafizikia na wanabiolojia wanaochunguza jinsi wanyama wanavyoenea. Mwaka 1951, Mwingereza J. G. Skellam aliipanua kuhusu mimea na wanyama wanaozaana huku wakisambaa, akaonyesha kwamba upana wa eneo wanaloliteka unaweza kukua kwa mwendo usiobadilika mwaka hadi mwaka.

Uzee wa Ross

Ross hakuishia hapo. Alipelekwa Morisi mwaka 1907, na katika ripoti yake ya mwaka 1908 aliweka milinganyo ya kwanza ya maambukizi ya malaria. Aliiboresha katika kitabu chake kuhusu kinga ya malaria kilichotoka mwaka 1910, na zaidi katika toleo la pili la mwaka 1911. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba si lazima kumwua mbu wa mwisho. Kipo kiwango ambacho idadi ya mbu kwa kila mtu ikishuka chini yake, malaria huanza kufifia yenyewe, kwa sababu kila mgonjwa anaacha nyuma yake chini ya mgonjwa mmoja mpya. Mwaka huo huo wa 1911 alipewa hadhi ya Sir. Mwaka 1916 na 1917 aliendeleza hesabu hizo kwa kushirikiana na Hilda Hudson, mwanamke mwanahisabati ambaye jina lake husahauliwa mara nyingi kazi hiyo inapotajwa.

Ushairi nao haukukauka. Mwaka 1910 alitoa diwani iliyokusanya tungo zake za Uhindi, na kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1923 zilimpatia tuzo ya fasihi ya James Tait Black. Hata hivyo, uzee wake ulikuwa na uchungu. Aliamini kwamba taifa halikumlipa kwa haki. Mwaka 1928 alitangaza kuziuza nyaraka zake ili kupata fedha za kumtunza mkewe. Taasisi yenye jina lake ilikuwa imefunguliwa Putney, London, mwaka 1926, naye akaiongoza hadi alipofariki tarehe 16 Septemba 1932, mwaka mmoja baada ya mkewe. Katika miaka ya 1950, mkurugenzi wa taasisi hiyo hiyo, George Macdonald, aliichukua milinganyo ya Ross na kuonyesha kwamba umri wa mbu una uzito kuliko hata idadi yake, kwani mbu lazima aishi siku za kutosha ili vimelea vikomae ndani yake.

Hesabu za Ross na mabonde ya Kisii

Ross hakufika Nyakoe. Tunaweza, lakini, kuyapeleka mawazo yake huko.

Nyanda za juu za Kisii na Nyamira zilikuwa na baridi iliyomdhoofisha adui. Vimelea hatari zaidi vya malaria huhitaji takriban siku kumi hadi kumi na mbili kukomaa ndani ya mbu katika joto la nyuzi 25. Chini ya nyuzi 18 hukawia sana, na zikikaribia 16 ukuaji husimama. Mbu wengi hufa kabla ya muda huo. Ndiyo maana mtu wa mlimani hakupata kinga ya mwili aliyoipata mtu wa kando ya Ziwa Viktoria, na mlipuko unapotokea huwaua wakubwa na wadogo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliporejea makwao katika nyanda za juu za Kenya, malaria ilirejea nao. Milipuko iliendelea hadi miaka ya 1940, ikatulia, kisha ikaanza upya mwishoni mwa miaka ya 1980. Kisii na majirani zake walikumbwa vibaya mwaka 1999 na 2002. Wataalamu wamebishana kuhusu chanzo: wengine wakitaja joto linaloongezeka, wengine vimelea kuwa sugu kwa dawa ya klorokwini, wengine mabadiliko ya ardhi.

Katika hilo la mwisho mchango wa Ross unaonekana wazi. Bonde lenye mafunjo marefu lina kivuli na maji baridi, na mbu wa anofelisi hapendi kuzalia humo. Mafunjo yakifyekwa ili kupanda mboga, au udongo ukichimbwa ili kufyatua matofali, hubaki mashimo madogo yenye maji yaliyopigwa na jua. Uchunguzi uliofanywa Kisii miaka ya 2000 ulionyesha kwamba mashimo ya matofali yaliyoachwa huwahifadhi viluwiluwi hata wakati wa kiangazi. Kwa hesabu ya Ross, kila shimo la namna hiyo ni kitovu cha mduara, na nyumba zilizo karibu na bonde hubeba mzigo mkubwa kuliko zile za juu. Watafiti wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya wamekuta hali hiyo hiyo.

Lakini matofali ni riziki. Anayechimba hulipia karo kwa fedha hizo, na mbu wanaotoka shimoni mwake hawamwumi yeye peke yake. Kumwambia mtu mmoja afukie shimo lake ilhali wenzake kumi hawafukii ni kumtaka awe mpaka mtupu. Hesabu inadai makubaliano ya bonde zima: nani anafukia, lini, na kwa gharama ya nani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ross aliithibitisha methali hii kwa njia ya uwezekano.

Haifai, hata hivyo, kumgeuza Ross kuwa nabii. Mbu halisi si mlevi. Huvutwa na harufu ya binadamu na ng'ombe, hufuata mteremko na mkondo wa hewa. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza eneo la Saheli, nchini Mali, walitangaza kwamba wamewanasa anofelisi makumi hadi mamia ya mita juu angani, wakichukuliwa na upepo wa usiku ambao ungeweza kuwafikisha mamia ya kilomita. Aidha, binadamu mwenyewe hubeba vimelea kwa gari kutoka ukanda wa ziwa hadi mlimani kwa saa chache. Kuna na mgeni mpya: anofelisi wa Asia, ambaye huzalia katika matangi na mapipa ya maji ya mijini. Alitambuliwa Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba ameonekana Marsabit nchini Kenya. Kumfuatilia mgeni huyo ni kuuliza tena swali la mwaka 1904, kwa ramani kubwa zaidi.

Hitimisho

Maisha ya Ronald Ross yanatupa mafunzo mawili. Kwanza, kielelezo cha hesabu hakikusudiwi kuwa picha kamili ya ulimwengu. Ross alijua kwamba mbu haruki kulia na kushoto tu. Alirahisisha kwa makusudi ili hoja moja ionekane, kisha watu wengine waongeze yaliyobaki. Mtunzi wa hekaya za wanyama hufanya vivyo hivyo: sungura wake si sungura wa porini, lakini kwa kumrahisisha tunauona ujanja kwa uwazi.

Pili, kazi ya kuzieleza hesabu hizi kwa lugha inayoeleweka bondeni haijafanyika vya kutosha, na haiwezi kuachiwa wanasayansi peke yao. Milinganyo ya Ross imesomwa vyuoni kwa zaidi ya karne moja. Mwenye shimo la matofali, ambaye uamuzi wake ndio unaohesabiwa, hajaelezwa ni kwa nini nusu ya mbu hubaki mpakani na ni kwa nini majirani zake wote wanahitajika. Istilahi zipo au zaweza kupatikana: nasibu, uwezekano, kipeuo, msongamano. Wanafunzi wa Kiswahili wanaorejea makwao kila likizo ndio walio karibu zaidi na mwenye shimo na lugha yake. Inapendekezwa kwamba vyama vyetu vianze na vijitabu vifupi vya aina hiyo, vikisaidiana na idara za hisabati na za afya ya jamii, na kwamba vijitabu hivyo vijaribiwe kwanza katika mabaraza ya vijiji kabla ya kuchapishwa.